Betri za Matanga

Kosa la Birago halikuanza kwa uvivu, wala kwa ulevi, wala kwa tamaa. Lilianza kwa adabu. Ilikuwa Ijumaa saa sita mchana, jua la mwezi wa tatu linaunguza mpaka mbuzi wa mji wa Kwaebetoso wamejibana ukutani, mjomba wake Sarpong alipoingia kwenye kituo cha uzazi. Alikuwa ndani ya nguo ya matanga, nyeusi na nyekundu, kaitupia begani. Nyuma yake walikuja wanaume watatu wakisukuma toroli tupu.

"Mpwa wangu," alisema, "tumeaibika."

Nana Ama Dufie, malkia wa mji, alikuwa azikwe kesho yake. Watu walishafika kutoka Kumasi na Accra, viti vimepangwa, maturubai yamefungwa, na sasa jenereta la wapiga muziki limeungua likatoa moshi mbele ya wageni. Umeme wa nguzo ulikuwa na siku tisa haujaonekana. Mji mzima palibaki mahali pamoja tu penye nguvu ya kuendesha spika, napo ni kituo cha uzazi, kwenye zile betri nne za sola zilizokaa chini ya friji ya dawa.

"Mjomba, hizo betri ni za friji," alisema Birago. "Na friji ni ya dawa."

"Friji si ina mlango? Ifunge, usiifungue. Mke wangu anaweka nyama kwenye friji, umeme unakatika asubuhi mpaka jioni, tunakula, na hakuna aliyewahi kushikwa na tumbo."

"Mkuu wangu Mama Takyiwaa hayupo. Yuko semina, harudi mpaka Jumatatu. Mimi nimeachiwa ufunguo tu, Mjomba."

"Aliyeachiwa ufunguo ndiye mwenye nyumba. Au unataka Nana aende kimya? Nana? Majirani zetu wa Bonsukrom wameshakaa mstari wa mbele, wanasubiri tuumbuke wapate cha kucheka mwaka mzima."

Mjomba hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha! Alinyamaza tu, akaangalia viatu vyake, mzee wa watu aliyemshika mkono yatima wa dada yake akampeleka shule, akampeleka chuo cha ukunga, na tangu siku ile hakuwahi kumwomba hata maji ya kunywa. Sasa ameomba. Ndugu zangu, niambieni, nani kati yenu angepata ubavu wa kusema hapana?

"Mtazirudisha lini?"

"Kesho. Tukishamzika tu."

Basi wakati wanaume wanafungua nyaya, Birago alifanya haraka. Alichukua kasha la barafu, akapanga ndani yake chanjo zote za watoto, moja moja, kwa mikono miangalifu. Kasha lilikuwa dogo. Lilipojaa, ndani ya friji kilibaki kitu kimoja: boksi la oksitosini, vile vichupa vya sindano anayochomwa mama mara tu mtoto akitoka, ili kizazi kijikaze na damu isimwagike. Alilishika lile boksi. Akalirudisha. Akafunga mlango.

Baadaye alijiambia kwamba alichagua chanjo kwa sababu ni za watoto. Uongo mtupu, na alijua ni uongo. Alichagua chanjo kwa sababu kila kichupa cha chanjo kina alama ndogo kwenye karatasi yake, na kikipata joto alama ile inageuka rangi, na bwana afya wa wilaya akija anaiona hata bila miwani. Oksitosini haina alama. Ikiwa nzima ni maji meupe, ikiharibika ni maji meupe. Birago aliokoa kile ambacho kingemsema.

Betri hazikurudi Jumamosi. Nana alizikwa, muziki ukaendelea. Jumapili ikaja ibada ya shukrani, muziki ukaendelea. Birago naye alikuwepo, kavaa nyeusi na nyekundu, na alicheza, tena alicheza vizuri, wanawake wakampepea leso. Watu wa Bonsukrom walikaa kimya kama walivyotakiwa. Bahati ilikuwa kwamba siku hizo tatu hakuna mama aliyeshikwa na uchungu, na hiyo bahati ndiyo iliyomlaza usingizi.

Betri zilirudishwa Jumapili jioni. Alipofungua stoo ya dawa, bati la juu lilikuwa limekusanya joto lote la siku tatu, hewa nzito inamgonga usoni. Alifungua friji. Kipimajoto kilisoma thelathini na sita. Alikitazama, akakitingisha, akakitazama tena, kikabaki pale pale. Wale wanaume walipomaliza kuunga nyaya na friji ikaanza kunguruma, Birago alichukua daftari la joto, ambalo lazima liandikwe asubuhi na jioni kila siku ya Mungu, akajaza nafasi zilizokuwa wazi kwa joto linalotakiwa. Tano. Tano. Tano. Mpaka jioni ile.

Kwa nini hakulitupa lile boksi? Kwa sababu boksi jipya lingekuja na gari la wilaya Ijumaa inayofuata, na boksi kupotea ni maswali, na maswali ni kumwaga unga, na aibu yake ingemfikia mjomba mpaka uwanja wa matanga. Akajipa moyo. Pengine dawa ni ngumu kuliko wanavyosema. Watu wa viwanda ni waoga, wanaandika masharti mengi. Siku nne tu, Ijumaa si hiyo hapo?

Jumatatu asubuhi Mama Takyiwaa alirudi. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, miaka thelathini na moja ya kuzalisha, na alikuwa na tabia ya kusoma daftari la joto kwa sauti kabla hajavua hata viatu vya safari.

"Tano. Tano. Tano. Mh! Friji hii ina msimamo kuliko marehemu mume wangu." Alicheka, kisha akashusha miwani. "Hata Jumamosi, kwa jua lile?"

"Hata Jumamosi, Mama."

"Safi. Ningeanza na friji, lakini umeniondolea kazi. Nani yuko chumbani?"

Chumbani alikuwepo mwanamke aitwaye Agyeiwaa, mimba ya tatu, mtu wa kuzaa bila makelele. Mtoto alitoka saa nne. Mama Takyiwaa akachoma sindano, akasubiri, mkono juu ya tumbo. Alisubiri muda mrefu kuliko kawaida. Damu ilitoka, ikapungua, ikatoka tena, akasugua tumbo mpaka jasho likamtiririka kwenye miwani. Hatimaye ikakata.

"Damu kaidi hii," alisema. "Sijaipenda."

Birago alikuwa anafunga kitovu cha mtoto. Hakuinua kichwa. Moyoni alisema, imekata, umeona, imekata, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Lakini alipotoka nje alilazimika kushika nguzo.

Jumanne akaja Mansa.

Mansa alikuwa fundi cherehani, ana duka dogo karibu na soko, na gauni la matanga la Birago alilishona yeye. Alikuja anacheka kati ya uchungu na uchungu. "Sista Birago, nilikuona Jumamosi. Unakata kiuno namna ile na mume huna? Nitakushonea lingine, la kubana zaidi, tuone kama wa Bonsukrom watapona."

Alizaa salama, mtoto wa kiume, saa saba na nusu mchana. Akachomwa sindano, kondo likatoka lote. Kisha damu ikaanza, na safari hii haikuwa kaidi, ilikuwa imeachiwa.

"Nyingine," alisema Mama Takyiwaa.

Birago akaenda kwenye friji, akachukua kichupa cha pili. Kilikuwa cha baridi, baridi nzuri, friji sasa ilikuwa inafanya kazi yake bila lawama. Akamkabidhi.

"Nyingine!"

Akaleta cha tatu. Mdomo wake ulifunguka, ukafungika. Neno lilikuwa hapo hapo, kwenye meno. Mama, hiyo imekufa. Maneno matatu tu. Kwenye rafu ya juu ya kabati kulikuwa na vidonge vya kukata damu, vile visivyohitaji friji, vimekaa kwenye karatasi yake ya bati, vikavu, vizima. Mama Takyiwaa angekuwa amevitumia mapema kama angejua sindano haina kitu ndani yake. Hakujua. Aliiamini sindano, kwa sababu aliliamini daftari, na vidonge vikaja mwisho kabisa, shuka la pili likiwa limeshalowa.

"Sista," alisema Mansa kwa sauti ndogo, "nasikia kiu."

Birago alijua maana ya kiu ile: damu inaisha mwilini. Alimshika mkono, ulikuwa baridi, akaufunika kwa mkono wake mwingine, akasema, "Utakunywa ukifika, dada, teksi hiyo hapo." Wakampakia nyuma ya teksi, Mama Takyiwaa kapiga magoti kwenye kiti, ngumi yake imekandamiza tumbo la Mansa, na gari likaondoka kuelekea hospitali ya wilaya, mwendo wa saa moja na nusu wa mashimo.

Mama Takyiwaa alirudi jua linapungua, sketi imekauka damu. Mansa alikuwa hai alipomwacha. Alinawa, akakaa kwenye benchi, akaitazama friji.

"Nimempa tatu, Birago. Tatu! Kama nimemdunga maji ya mvua."

Akanyanyuka, akafungua friji, akasoma kipimajoto. Tano. Akafunga, akabaki amesimama na mkono kwenye mpini.

"Yuko hospitali sasa," alisema Birago. "Watamwongezea damu."

"Wakiwa nayo," alisema Mama Takyiwaa.

Birago alikwenda nyumbani, akashindwa kula. Alijiambia: Mansa akipona, sitasema, na Ijumaa nitalivunja lile boksi, kichupa kimoja kimoja, chooni. Akapitia kichwani akina mama wote walio karibu kuzaa. Hapakuwa na mtu kabla ya Ijumaa. Dada yake Frema alikuwa wiki ijayo. Frema, mimba ya tano, ambaye ile ya nne ilitaka kumtoa roho kwa damu. Wiki ijayo, alijisemea. Dawa mpya itakuwa imeshafika. Akamwomba Mungu amfungie yule mtoto tumboni siku chache tu.

Jumatano saa mbili asubuhi, Frema aliingia kituoni kwa miguu yake, kipande cha kenke, ugali wa mahindi yaliyochachuka, mkononi, anatafuna.

"Mtoto hataki kusubiri, amechukua tabia ya baba yake," alisema. "Na wewe mbona uso umekunja hivyo? Nani kakuibia mume ambaye huna?"

Birago hakucheka. Alimvuta pembeni, chini ya ukuta wenye picha za unyonyeshaji. "Frema, nakuitia teksi. Nenda hospitali kubwa."

"Kwa nini? Dada yangu mkunga, nikazalie kwa wageni?"

"Mimba ya nne ulitoka damu."

"Na Mama Takyiwaa akaikata. Hapa hapa, kitanda kile. Acha uoga, Birago, hebu shika kenke yangu."

Mama Takyiwaa alikuwa amesikia. "Damu yake naijua," alisema. "Nimeshaandaa sindano mbili. Kuna nini kingine?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Birago angeweza kupita. Alisema, "Hakuna, Mama," na wakati huo huo uchungu ukamkamata Frema akashika ukingo wa meza, na alipopimwa njia ilikuwa imebaki kidogo tu kufunguka. Kwa barabara ile, angezalia njiani, kwenye teksi, mikononi mwa dereva. Habari ya kusafiri ikaishia hapo.

Saa nzima ile Birago alifanya kazi kama mtu mwingine. Alichemsha vyombo. Alitandika shuka. Kila alipopita mbele ya friji aliisikia inanguruma. Mara mbili alikwenda mpaka karibu na sikio la Mama Takyiwaa, mara mbili akarudi na kitambaa. Aliogopa, na ninavyomjua, hakuwahi kuogopa kitu chochote maishani kama alivyoiogopa friji ile nyeupe asubuhi ile.

Mtoto alitoka. Wa kike, mkubwa, analia kwa hasira. Frema akacheka na kulia pamoja. Mama Takyiwaa hakutazama nyuma, alinyoosha mkono tu, kiganja juu, kama alivyofanya mara maelfu.

"Sindano."

Birago alikuwa nayo. Hakuitoa.

"Birago. Sindano!"

"Mama, hiyo ni maji," alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Imekufa. Friji ilizimwa siku tatu. Niliwapa betri wakapigie muziki kwenye matanga. Daftari nimeandika uongo. Zote ni maji, Mama, zote, usimchome!"

Kiganja kilibaki wazi hewani. Mama Takyiwaa aligeuza kichwa, akamtazama muda wa pumzi moja.

"Vidonge," alisema. "Rafu ya juu. Kimbia."

Alikimbia. Aliangusha boksi la glavu, akaangusha mkasi, akarudi na ile karatasi ya bati. Vikawekwa chini ya ulimi wa Frema.

"Mnasema nini?" Frema aliuliza na vidonge mdomoni. "Birago, betri gani?"

"Usiongee, viache viyeyuke," alisema Mama Takyiwaa, na ngumi yake ilikuwa imeshaingia kazini.

Damu ilikuja. Ilikuja namna ile ile ya jana, na Birago aliona shuka linabadilika rangi akajua anamwona dada yake anaondoka. Alisugua tumbo pamoja na Mama Takyiwaa, mikono minne. Dakika zikapita ambazo hakuzihesabu. Kisha chini ya vidole vyake alihisi kizazi kinajikusanya, kinakuwa kigumu kama chungwa bichi. Damu ikapungua. Ikawa matone. Frema alifumba macho, akayafumbua.

"Nina njaa," alisema. "Kenke yangu iko wapi?"

Birago alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Mama Takyiwaa alinawa mikono muda mrefu sana. Alipomaliza alimwita stoo, akafunga mlango. Daftari la joto lilikuwa limefunguliwa mezani.

"Jana," alisema, "ulikuwa umesimama mahali pale pale."

"Ndiyo, Mama."

"Ulinipa kichupa cha pili kwa mkono wako. Ukanipa cha tatu kwa mkono wako."

"Ndiyo, Mama."

"Na vidonge vilikuwa rafu ile ile."

"Ndiyo."

"Leo mdomo umefunguka." Mama Takyiwaa alivua miwani, akaiacha ining'inie. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mansa hakuwa na dada mkunga, sivyo?"

Mama Takyiwaa alimsukumia kalamu nyekundu. "Andika joto la kweli. Kila siku. Halafu andika jina lako. Ripoti ya wilaya nitaandika mimi, na jina langu litakuwamo, kwa sababu nilisoma daftari nikaacha kuuliza. Ufunguo weka hapo."

Aliweka ufunguo. Aliandika thelathini na sita ya Jumapili, na siku nyingine aliandika kwamba hakupima. Alikuwa anamalizia jina aliposikia sauti ya mjomba Sarpong ukumbini, anamsalimu Frema, anamchezea mtoto mdomo, anasema huyu atakuwa na paji la uso la Nana. Kisha akaja stoo, akagonga, akaingia. Alikuwa amevaa nguo nyeusi tena, lakini ya kawaida, isiyo na nyekundu.

"Mpwa wangu, hongera kwa dada yako. Mungu ametoa kwa mkono mmoja." Akashusha sauti. "Wamepiga simu kutoka hospitali. Mansa wa cherehani amefariki alfajiri. Tunakwenda kumchukua sasa hivi, tumzike leo leo kabla ya jioni."

Mama Takyiwaa alishika ukingo wa meza. Birago alibaki na kalamu mkononi.

Mjomba aliona nyuso zao, akadhani anajua wanachofikiria, maskini. Akampiga Birago begani kwa upole, namna alivyokuwa akimpiga begani tangu utotoni.

"Usiwe na wasiwasi na betri zako," alisema. "Wazee wameshakaa. Aliyefia kwenye uzazi hapigiwi muziki, hawekewi taa, anakwenda kimya kimya. Safari hii hatuchukui kitu."

Friji ilinguruma. Birago aliweka kalamu juu ya daftari, akavuta kile kiti kimoja kilichokuwepo, akamsogezea.

"Kaa chini, Mjomba," alisema. "Mlishachukua. Mimi ndiye niliyewapa."

Mzee alimtazama, tabasamu la kumfariji bado liko usoni, akakaa.